Drili ya marehemu baba na rafu za chuo

Jumamosi, 18 Januari

Maalim amekubali. Ukuta wa mashariki wa chuo utafungwa rafu, misahafu na juzuu zitoke kwenye maboksi ya sakafuni ambayo mchwa wameshayaingia mara mbili. Kazi iwe imekwisha kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Mbao ninazo tayari, mtiki wa Longuza, umekaa bandani uani tangu mwaka jana na umekauka vizuri. Kinachokosekana ni cha kutobolea. Drili yangu ya plastiki nilimwazima mtu, ikarudi imeungua amecha, ule moyo wa mota unaozunguka.

Basi leo nimelishusha sanduku la marehemu baba kutoka darini. Drili yake ilikuwa chini ya randa, imeviringishwa kipande cha kanga. Mwili wote ni alumini. Rangi ya kijivu imekwisha kabisa mahali kidole gumba chake kilipokuwa kikikaa, pamebaki mng'aro kama wa sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Kibati cha ubavuni bado kinasomeka: volti 220 hadi 240, wati 500, mizunguko 900 na 2400 kwa dakika. Ina gia mbili.

Nilitamani kuichomeka papo hapo nisikie sauti yake. Nikajizuia, nikaanza kuukagua waya kuanzia kwenye plagi, nikiupitisha kati ya vidole sentimita kwa sentimita. Nusu mita kabla ya kufika kwenye mshiko kuna kiungo kilichofungwa tepu nyeusi, na tepu yenyewe imelainika kwa joto, inanata. Nikaifungua. Waya wa baada ya kiungo una nyuzi mbili tu, kama waya wa redio. Wa kabla ya kiungo una tatu. Ule wa tatu, wa ethi, wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, umekatwa na kukunjwa pembeni.

Nimekaa nao mkononi kitambo. Nikiwa mdogo nilikuwa nikimwona baba akitoboa peku juu ya sakafu ya saruji, mara anautoa mkono ghafla na kuupangusa kwenye shuka: "Leo inauma." Kisha anavaa ndara na kuendelea. Sisi watoto tulidhani ndivyo drili zilivyo. Kumbe mwili wa chuma ulikuwa hauna pa kuutupia umeme unaovuja ila kwenye mwili wa baba. Alifariki kwa ugonjwa mwingine, miaka mingi baadaye, lakini leo nimeona jinsi alivyopita karibu na kifo kila siku aliyokwenda kazini.

Jumapili, 19 Januari

Nimeifungua. Plagi ilikuwa mezani mbele ya macho yangu muda wote, ndiyo desturi yangu: nikifungua chombo, plagi yake lazima niione. Kila hatua nimepiga picha kwa simu, kwa sababu chemchemi ndogo ya kusukuma kaboni (kile kijiwe kinachopeleka umeme kwenye amecha) ikiruka hakuna anayekumbuka ilikaa upande gani.

Niliyoyakuta ndani:

Grisi ya kwenye gia imekauka, imekuwa kahawia na ngumu kama sukari guru. Nimeikwangua kwa kijiti cha muanzi na kuosha gia kwa mafuta ya taa. Meno ni mazima, yote.

Kaboni moja imebaki milimita 5, nyingine milimita 4, na hiyo ya pili imelika mshazari. Zilipokuwa mpya nadhani zilikuwa zaidi ya mara tatu ya hapo, kwa namna kisanduku chake kilivyo kirefu. Kaboni ikifupika hivi chemchemi hukosa nguvu ya kuikandamiza, inaruka-ruka, na cheche zake ndizo zinazokula shaba.

Shaba yenyewe, ile pete ya vipande vipande iliyo kwenye shingo ya amecha, ni nyeusi lakini haina mtaro mkubwa. Nimeisugua kwa msasa laini sana wa mbao, nikiizungusha amecha taratibu kwa mkono mpaka ikawa na rangi ya senti ya zamani. Sikutumia msasa mweusi wa chuma, maana unga wake unapitisha umeme, ukinasa kati ya vipande viwili vya shaba umevigonganisha. Baada ya hapo nimepitisha ncha ya sindano katika kila mfereji, kipande kimoja baada ya kimoja, kutoa unga wa kaboni uliojazana. Imenichukua tangu baada ya adhuhuri mpaka alasiri. Sijutii.

Beringi ya mbele inazunguka kimya. Ya nyuma inakwaruza. Hewa ya chumvi ya huku Pangani haisamehi: skrubu mbili zilivunjika vichwa kwa kutu, na kinywa kinachouma biti kilikuwa kimeganda. Hicho nimekilaza ndani ya mafuta usiku kucha.

Jumamosi, 25 Januari

Tanga kwa basi la asubuhi, kilomita 50 hivi. Nimekwenda kwa mzee mmoja msuka mota, rafiki wa baba wa zamani. Nimemwamkia shikamoo, akaitikia, akaitambua drili kabla hajanitambua mimi. "Hii ya baba yako. Niliisuka fildi mimi mwenyewe." Fildi ni zile nyuzi za mota zisizozunguka.

Akaipima kwa mega, ile mita inayosukuma volti 500 kutafuta uvujaji. Mita ya kawaida ya betri inaweza kukwambia hakuna kitu, kwa sababu volti zake chache haziwezi kupenya unyevu na vumbi lililokaa kwenye nyuzi. Kipimo cha kwanza, kati ya nyuzi za mota na mwili wa alumini, kilitoka chini ya megaomu 1. "Ndiyo maana ilikuwa inamng'ata," akasema. Tukaiweka amecha na fildi juani juu ya bati, mbali na vumbi, mpaka saa nane. Akapima tena, ikapanda megaomu 20 na zaidi. Unyevu na unga wa kaboni, hakuna zaidi. Akapaka vanishi mpya ya kusukia, akakataa malipo, akanitaka tu nimpelekee samaki nikirudi.

Kaboni nimezipata za upana uliokaribia, zimezidi nusu milimita. Beringi nimepata ile ile, namba yake imechapwa ubavuni.

Waya na plagi ndivyo vilivyonisumbua. Duka la kwanza waliniuzia plagi ya pini tatu yenye sura nzuri, nikaifungua palepale kaunta: ndani hakuna fyuzi, kuna kipande cha bati kimeziba nafasi yake. Muuzaji akasema zote ziko hivyo. Haziko hivyo. Nimerudisha, nikatafuta maduka manne mengine mpaka nikapata yenye fyuzi ya kweli, na fyuzi ya ampia 5 nikainunua kando. Hesabu ni nyepesi: wati 500 ukigawa kwa volti 230 unapata ampia 2 na kitu. Kuacha fyuzi ya 13 iliyokuja na plagi ni kuuruhusu waya mwembamba uwake moto kabla fyuzi haijashtuka. Nataka mwenye kusoma hapa aelewe jambo moja: fyuzi inaulinda waya. Haimlindi mtu. Umeme unaotosha kuua moyo wa mtu ni sehemu ndogo mno ya ampia moja, fyuzi wala haiuhisi.

Kwa ajili ya mtu nimenunua kifaa kingine, kile cha kuchomeka kwenye soketi kinachokata umeme unaovuja, cha miliampia 30. Mafundi hukiita kwa herufi zake, RCD. Kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua unaorudi, maana yake kuna unaopita pengine, labda mwilini mwa mtu, kinakata mara moja. Bei yake imenikausha mfuko. Ningekinunua hata kama ningerudi kwa miguu.

Waya: mpira mweusi, nyuzi tatu, milimita mraba 1, mita 4. Nimechagua mpira badala ya plastiki kwa sababu mpira haukakamai wala hauyeyuki ukigusa chuma chenye joto.

Jumapili, 26 Januari

Siku ya kurudishia. Nimefanya polepole.

Kaboni nimezisugua pande mbili kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka zikateleza ndani ya visanduku vyake kwa uzito wake zenyewe, bila kucheza kushoto na kulia. Ikibana haitaishukia shaba, ikilegea itagonga. Zote mbili mpya. Kaboni hazibadilishwi moja moja.

Grisi ya lithiamu, kiasi cha kijiko cha chai. Mdogo wangu aliyekuwa ananishikia taa alitaka tujaze. Grisi ikizidi hupanda kwenye beringi mpaka kwenye kaboni, na kaboni yenye mafuta ni mwanzo wa moto.

Kisha waya. Mwilini mwa drili kuna skrubu ndogo yenye alama ya ethi, imepakwa rangi na mtu fulani huko nyuma. Nimeikwangua mpaka alumini ikang'aa, nikafunga uzi wa kijani na manjano kwa kiatu cha shaba na washa yenye meno. Kisha kahawia na bluu kwenye swichi. Uzi wa ethi nimeuacha mrefu kuliko wenzake, mwilini na kwenye plagi pia, ili siku mtu akiuvuta waya kwa nguvu mpaka zikachomoka, ethi iwe ya mwisho kuchomoka. Kwenye plagi, kahawia upande wa fyuzi, bluu mkabala wake, kijani na manjano juu. Kibano cha waya kimeshika ganda la nje la mpira, hakikushika nyuzi. Nimevuta kwa mkono kama mtu avutaye kamba ya ndoo. Haukusogea.

Mita: kutoka pini ya ethi mpaka kwenye kinywa cha drili, omu 0.3, na waya za mita zenyewe zinakula 0.2. Kwa mara ya kwanza katika umri wangu drili hii ina njia ya kuupeleka umeme ardhini.

Ethi ya nyumbani kwangu nayo nimeitazama. Chuma kilichochimbiwa nje kimeshikwa na waya ulioliwa na kutu. Nimesafisha, nimefunga upya, na fundi umeme mwenye leseni atakuja kuipima Jumanne. Ethi ya drili bila ethi ya nyumba ni barabara inayoishia mtoni.

(Jirani kaniuliza mbona drili yake ya plastiki ina nyuzi mbili tu na pini ya juu ya plastiki. Nikamwonyesha alama kwenye kibati chake, mraba ndani ya mraba. Hizo zimefunikwa mara mbili, hazihitaji ethi. Lakini zikilowa au zikipasuka ganda, kinga hiyo imekwisha.)

Jumamosi, 1 Februari

Imeunguruma! Nilisimama juu ya ubao mkavu, nimevaa viatu vya mpira, nikabonyeza kitufe cha majaribio cha RCD kwanza, kikakata. Nikakirudisha. Nikaishika drili, nikabonyeza.

Sauti yake ni ileile. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni.

Nimeiacha izunguke bila kazi, gia ya chini, robo saa, ili kaboni mpya zipate umbo la mviringo wa shaba. Mwanzoni cheche zilikuwa za njano na kubwa. Baada ya dakika kumi zimekuwa vidoa vya bluu chini ya kaboni tu, ndivyo inavyotakiwa. Cheche zikizunguka pete nzima, zima, huenda kuna waya uliokatika kwenye amecha.

Ufunguo wa kinywa nimeufunga kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli karibu kabisa na plagi. Mpira ni mfupi kwa makusudi: ufunguo haufiki kwenye biti mpaka plagi itoke soketini na kuletwa. Hakuna anayeweza kubadili biti kwa drili yangu ikiwa imechomekwa, hata akitaka.

Babu yangu mzaa baba alitobolea milango kwa keekee, ile ya uta na msukano. Mkono mmoja juu kwenye jivu, kile kishikio chake, mwingine unavuta uta kama mpiga zeze. Keekee haina nguvu ya kumzungusha mtu. Hii ya umeme inayo, na nadhani hapo ndipo tunapokosea, tunaishika kwa mazoea ya chombo kinachotutii.

Alhamisi, 6 Februari

Chuo kimefungwa leo na kesho, nimepata ukuta mikononi. Ni ukuta wa zamani, mawe ya matumbawe na chokaa, unene unakaribia nusu mita. Ukiugonga unasikia unalia tofauti kila shibiri: pengine jiwe, pengine chokaa tupu, pengine pango.

Kijana mmoja wa jirani alileta drili yake ya kugonga. Nikamkubalia tundu moja la majaribio pembeni, nyuma ya mlango. Plasta ikadondoka pana kama sinia. Mtikiso wa kugonga ni wa zege. Chokaa ya miaka mia haiupendi. Ya baba haigongi, inazunguka tu, na kwa biti ya ukutani yenye ncha ngumu inaingia kwenye tumbawe kama kwenye jibini gumu, ikitoa unga mweupe laini.

Kabla ya tundu la pili nilifanya kazi ya nyaya. Chuo kina soketi moja na swichi mbili upande huo. Waya wa ukutani mara nyingi hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi au swichi yake, kwa hiyo nimechora kwa chaki mikanda ya wima juu na chini ya kila moja, upana wa sentimita 15 kila upande, na hapo hapatoboki. Lakini majengo ya zamani mafundi wengi wameyapitia, siwezi kuuamini mkono nisioujua. Nimezima meni swichi ya chuo yote. Umeme wa drili nimeomba nyumba ya pili, kwa Bi mmoja anayeuza vitumbua, nikavuta ekstensheni kupitia dirishani.

Ekstensheni ni mita 25, nyuzi tatu za milimita mraba 1.5. Nimeifungua yote kwenye gurudumu lake na kuilaza ukingoni mwa ukuta. Watu huivuta kidogo wanachohitaji na kuiacha nyingine imeviringika. Waya ulioviringika hauna pa kupumulia, joto la kila mzunguko linamkalia mwenzake, na nimewahi kuona gurudumu ambalo ganda lote limegandana likawa donge moja. Kiungo cha plagi na soketi nimekiinua juu ya tofali, kwa sababu watoto huja kuchota maji mtungini hapo.

RCD iko kule mwanzo, kwenye soketi ya Bi, ili iilinde na ekstensheni pia.

Jumamosi, 8 Februari

Mabano ya chuma, 12, nimeyakata kutoka kwenye flatibaa ya milimita 40 kwa 5. Kila moja matundu manne: mawili ya milimita 8, mawili ya 5.

Kwa chuma nimetumia gia ya chini, na kuna sababu. Chuma laini hupenda ukingo wa biti uende kama mita 25 kwa dakika. Biti ya milimita 8 ina mzunguko wa milimita 25 hivi, kwa hiyo mizunguko 1000 inatosha. Gia ya juu ya 2400 ingeipika ncha ikawa bluu, na biti ya bluu imekwisha ugumu. Alama kwa senta panchi, tundu dogo kwanza, tone la oili, na kukandamiza mpaka itoke nyuzi ndefu za chuma zilizojikunja. Ukipata unga badala ya nyuzi, unasugua, hutoboi.

Bano la saba. Mdogo wangu alikuwa anayafunga kwenye jiliwa, mimi natoboa. Mkono wa jiliwa ukalegea, akaona tunachelewa, akalishika bano kwa mkono. Sikumkataza. Nilimwona, na sikumkataza, nikajisemea ni tundu moja tu. Biti inapotokeza upande wa pili, ukingo wake hunasa kwenye ule utando mwembamba uliobaki. Ilinasa. Bano likazunguka kama pangaboi, likampiga kwenye shina la kidole gumba na kumpasua mpaka kwenye kiganja. Nyuzi nne hospitali.

Kazi imesimama leo. Nimekaa naye jioni nzima. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyekuwa na kidole kwenye swichi.

Tangu sasa: hakuna chuma kinachotobolewa bila jiliwa au klampu mbili, na biti ikikaribia kutokeza nguvu inapunguzwa. Mshiko wa pembeni, ule wa mkono wa pili, ambao baba aliutoa na kuutupa sandukuni, nimeurudisha. Glavu hapana. Nimewaona wengi wakivaa glavu za kitambaa wakidhani ni usalama. Biti ikiukamata uzi mmoja inavuta kidole kizima.

Na hili nawaandikia dada zangu hasa. Ncha ya ushungi, ncha ya kanga, mkono mpana wa baibui: vyote ni kamba zinazosubiri biti. Mimi nafunga ushungi mfupi wa kuvutika, ncha zote ndani ya koti la kazi, na kanga naiacha nyumbani, navaa suruali pana chini ya koti refu. Mtu anaweza kujisitiri na kuwa salama kwa pamoja. Nimefanya hivyo miaka 11.

Alhamisi, 13 Februari

Matundu 24 ya ukutani, mawili ya kwanza saa mbili asubuhi. Nguzo sita za mbao zinasimamishwa wima, kila moja inashikwa mahali panne, ili uzito wa vitabu ugawanyike na usining'inie kwenye jiwe moja. Biti ya milimita 10, kina cha milimita 90, nimefunga utepe mwekundu kwenye biti kuonyesha mwisho. Tundu likiangukia pango, biti inatumbukia ghafla na mwili wako unaifuata. Ndiyo maana sitoboi nikiwa nimeegemea. Ngazi imesimama kwenye mkeka wa mpira, kifua changu kati ya miguu yake, na tundu la juu kuliko kichwa nimepanda badala ya kunyoosha mikono.

Miwani ya kukinga macho nimeivaa hata kwa tundu moja. Vumbi la chokaa likiingia jichoni linachoma, na ukiwa juu ya ngazi na drili mkononi huna mkono wa kulipangusia.

Tundu la 15, umeme ukakatika mtaa mzima. Kabla sijashuka nilichomoa. Drili hii ina kidude cha pembeni cha kuishikiza swichi ibaki imebonyea, baba alikipenda kwa kazi ndefu. Mtu akikisahau kimebonyea, umeme ukakatika, akaiweka drili chini akaenda kunywa chai, umeme ukirudi drili inaamka peke yake sakafuni katikati ya watoto. Kwangu mimi umeme ukienda, mkono wa kwanza unakwenda kwenye plagi. Kidude chenyewe leo usiku nitakitoa kabisa.

Umeme ulirudi baada ya saa mbili. Nimefika tundu la 24 kabla ya alasiri. Kila baada ya matundu matano niliiacha izunguke bila mzigo nusu dakika: feni yake iko kwenye amecha, ikifanya kazi nzito polepole feni nayo inakwenda polepole, joto linabaki ndani. Kiganja kilikuwa mbali na matundu ya hewa.

Mapango manne niliyoyakuta nimeyajaza mchanganyiko wa chokaa na mchanga, yakauke wiki nzima kabla ya kutia fisha, vile vigingi vya tunduni vya kushikia skrubu.

Alhamisi, 20 Februari

Fisha, skrubu, nguzo, mabano, mbao. Mtiki una chembe ngumu kama za mchanga ndani yake, unanyonya makali ya biti. Nimenoa mara tatu. Nyuma ya kila ubao niliweka kipande cha ubao mbovu ili tundu lisitoke na mabanzi.

Mdogo wangu kafunga skrubu zote kwa bisibisi, kwa mkono wa kushoto. Alikataa kukaa nyumbani.

Nimening'inia rafu ya katikati kwa uzito wangu wote, kilo 68, mbele ya Maalim. Akacheka, akasema, "Inatosha, binti yangu, vitabu havina fujo hiyo."

Jumapili, 23 Februari

Misahafu imepandishwa jana na watoto wenyewe, mkono kwa mkono, mstari kuanzia mlangoni.

Leo ni zamu ya drili. Pampu ya baiskeli kwenye matundu ya hewa, unga mweupe umetoka mwingi. Kinywa nimekifungua mpaka mwisho, nimekigonga kichwa chini, tone moja la mafuta. Waya nimeupitisha tena kati ya vidole kutoka plagi mpaka mshikoni, mzima. Nimeukunja kwa duara pana, sikuuzungushia kwenye mwili wa drili, maana pale unapoingia mshikoni ndipo nyuzi hukatikia ndani bila ganda kuonyesha. Nimeifuta alumini kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kwa ajili ya chumvi.

Kaboni nimezichungulia: milimita 15 na 15. Mita ya ethi bado 0.3. Nimeandika namba hizo kwa kalamu ya wino ndani ya kifuniko cha sanduku, chini ya mwandiko wa baba wa vipimo vya milango, na tarehe ya kuzipima tena: mwisho wa Shawwal.

Samaki wa mzee wa Tanga nimewapata asubuhi, changu wawili. Basi la kesho.